Poti Isiyofunguka: Nodi ya Bitcoin Nyumbani na Wageni Wasiofika

Nodi ya Bitcoin ni kompyuta inayoendesha programu ya mtandao huo, ikikagua daftari zima la miamala tangu bloku ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009, na ikizipitishia nodi nyingine kila muamala na kila bloku mpya inayotimiza kanuni. Haichimbi sarafu wala haimlipi mwenyewe hata senti moja, jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamekwisha kununua diski. Kazi yake ni kuhakiki, na faida ya mwenye nayo ni kwamba hahitaji kumtegemea mtu mwingine amthibitishie kuwa fedha zake zimefika. Programu inayotumika zaidi kwa kazi hiyo ni Bitcoin Core, nayo ndiyo mfano wa makala haya, ingawa mengi yatakayoelezwa yanazihusu pia nodi za Monero, Ethereum na sarafu nyingine za kidijitali, tofauti ikiwa zaidi katika namba kuliko katika mantiki.

Mtu akiweka programu hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani bila kugusa kitu kingine chochote, nodi yake itafanya kazi: itatafuta wenzake, itapakua daftari ambalo sasa limezidi gigabaiti 600, na itakagua kila ukurasa wake. Hata hivyo itakuwa nodi ya upande mmoja, kwa maana kwamba kuita inaita, lakini ikiitwa haiitiki. Bitcoin Core hufungua yenyewe miunganisho 10 ya kudumu kwenda nje, 8 ikiwa ya kubadilishana kila kitu na 2 ya bloku pekee, ilhali kikomo chake cha kawaida ni miunganisho 125 kwa jumla, na karibu nafasi zote zinazosalia zimetengwa kwa ajili ya wageni, yaani nodi zinazopiga hodi kutoka nje. Nodi ambayo hodi hazifiki hubaki na wenzake kumi, pengine kumi na mmoja kwa dakika chache, siku nenda siku rudi. Haijaharibika, na kufungwa huko hakumwongezei mwenyewe hatari ya kudanganywa. Ila kila nodi mpya inayozaliwa duniani hulazimika kupakua historia kutoka kwa zile chache zilizo wazi, na nodi iliyofungwa hutumia nafasi za wengine bila kutoa ya kwake.

Kuhusu sababu za hodi kutofika, msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu kuliko wa wengi, nao ni sanduku la posta. Kwa miongo mingi barua katika ukanda huu haikuletwa mlangoni. Ilipelekwa kwenye S.L.P. ya shule, ya parokia, ya msikiti au ya mwajiri, iliyotumiwa na mamia ya watu kwa pamoja, na ikabidi karani asome jina juu ya bahasha ndipo ajue amkabidhi nani. Ruta ya nyumbani ndiye karani huyo. Anwani za mfumo mkongwe wa intaneti, unaoitwa IPv4, hazizidi bilioni 4.3, na ghala kuu la dunia lilimaliza kugawa akiba yake Februari 2011. Kwa hiyo nyumba nzima hupewa anwani moja ya hadharani, na kila simu, televisheni na kompyuta iliyomo hupewa na ruta anwani ya ndani, ambayo kwa kawaida huanza na 192.168 au na 10, au huwa kati ya 172.16 na 172.31, na ambayo nje ya kuta za nyumba hiyo haimaanishi chochote. Kompyuta inapotuma ombi nje, ruta huandika kumbukumbu ya aliyetuma, ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Pakiti inayokuja bila kuombwa haina kumbukumbu, na karani asiyejua ni ya nani huitupa.

Poti, kwa upande wake, ni namba kati ya 0 na 65535 inayotaja ni programu ipi, kati ya nyingi zilizomo ndani ya mashine moja, inayotakiwa kupokea pakiti. Bitcoin hutumia poti ya 8333, Monero 18080, na Ethereum 30303. Kuelekeza poti, basi, ni kumwachia karani agizo la kudumu kwamba bahasha yoyote iliyoandikwa 8333 isitupwe bali ipelekwe kwa kompyuta fulani yenye anwani fulani ya ndani. Agizo lenyewe huandikwa kwa dakika mbili katika ukurasa wa mipangilio ya ruta, na kama mambo yangeishia hapo pasingekuwa na haja ya makala. Lakini njia ya mgeni ina vituo vinne, ambavyo ni mtoa huduma wa intaneti, ruta, kompyuta na programu, na hitilafu katika kituo chochote kati ya hivyo huonekana kwa namna ileile moja: kimya.

Karibu kila anayekutana na kimya hicho hukimbilia kwenye ruta, akafuta agizo na kuliandika upya, akaizima na kuiwasha, mwishowe akairudisha katika mipangilio ya kiwandani na kupoteza hata kile kilichokuwa sahihi. Huo ni utafutaji wa sindano mahali penye mwanga badala ya pale ilipoangukia. Swali linalostahili kuulizwa kwanza liko mbali zaidi na mikono ya mtumiaji, nalo ni kama mlango anaotaka kuufungua ni wake kweli.

Jibu hupatikana kwa kulinganisha anwani mbili. Ya kwanza husomwa katika ukurasa wa hali ya ruta, pale inapoonyeshwa anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje; ya pili huonyeshwa na tovuti yoyote kati ya zile nyingi zinazomwambia mgeni wake anwani anayoonekana nayo duniani. Zikiwa sawa, nyumba ina anwani yake ya hadharani na kazi inaweza kuendelea. Zikitofautiana, kuna karani mwingine mbele ya karani wa nyumbani, na hapo namba yenyewe hueleza ni yupi. Ikiwa anwani ya nje ya ruta inaanza na 192.168, mara nyingi karani huyo wa pili yumo humohumo ndani ya nyumba: kisanduku cha faiba kilichowekwa na fundi wa kampuni kinafanya kazi ya ruta, na mwenye nyumba akaongeza ruta yake mwenyewe nyuma yake. Tatizo hilo lina tiba, ama kwa kukiagiza kisanduku cha kwanza kiache kugawa anwani na kibaki daraja tupu, ama kwa kuandika agizo mara mbili, kutoka kisanduku hadi ruta na kutoka ruta hadi kompyuta.

Lakini ikiwa anwani hiyo iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mambo ni mengine. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi moja tu, yaani kuwawezesha watoa huduma kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani, na baadhi yao hutumia hata anwani zinazoanza na 10 kwa kusudi hilohilo. Katika mfano wa posta, hapa S.L.P. si ya nyumba wala ya shule. Ni ya wilaya nzima, na ufunguo uko mfukoni mwa karani ambaye mteja hajawahi kumwona na ambaye hapokei maagizo yake. Mteja anaweza kuiandikia ruta yake maagizo mia moja yaliyo sahihi kabisa, na hakuna hata moja litakalotekelezwa, kwa sababu bahasha hutupwa kabla hazijaikaribia ruta hiyo.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa uzito wa pekee, kwa kuwa nyumba nyingi za ukanda huu hupata intaneti kwa ruta zenye laini ya simu za 4G na 5G, na mitandao ya simu ndiyo inayowakusanya wateja namna hii kuliko mingine yote. Starlink nayo, ambayo ilianza kutoa huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, huwapa wateja wa kawaida wa nyumbani anwani za fungu hilo. Si uchoyo wa kampuni moja moja. AFRINIC, asasi yenye makao yake Morisi na iliyokabidhiwa kazi ya kugawa anwani barani Afrika, iliingia awamu ya mwisho ya kubana mgao wa IPv4 Januari 2020, na kampuni inayoongeza wateja kila mwezi haina namna isipokuwa kuwabananisha.

Anayejikuta katika hali hiyo ana mambo matatu ya kujaribu. La kwanza ni kupiga simu kwa mtoa huduma na kuomba anwani ya hadharani, akitumia maneno hayo hasa, kwa sababu mhudumu akiambiwa tu kuwa intaneti ina tatizo atajibu kwamba laini iko salama, na atakuwa amesema kweli. Baadhi ya kampuni huitoa kwa ada ya ziada, nyingine huitoa kwa wateja wa biashara pekee. La pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani ambao wingi wake hauna mfano, kiasi kwamba kila kifaa cha nyumbani huweza kuwa na anwani yake ya hadharani. Palipo na IPv6 hakuna kuelekeza poti, ila inabaki kuiruhusu ruta ipitishe hodi zinazoelekea kompyuta husika, kwani ruta nyingi huzizuia kwa usalama. La tatu ni Tor, na litarejewa baadaye.

Ikithibitika kwamba anwani ni ya hadharani, uchunguzi huanza upya kutoka ndani kwenda nje, na kituo cha kwanza ni programu yenyewe. Lazima ijulikane kama inasikiliza, yaani kama imeuambia mfumo wa kompyuta kuwa iko tayari kupokea wageni kwenye poti ya 8333. Kwenye Linux amri ya ss -tln huorodhesha poti zote zinazosikilizwa, na kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na netstat -an. Mstari wenye 0.0.0.0:8333 humaanisha kuwa nodi inapokea wageni kutoka pande zote, wenye 127.0.0.1:8333 humaanisha kuwa inajisikiliza yenyewe tu, kama mtu anayejiita jina chumbani. Na mstari ukikosekana kabisa, nodi imezimwa au imekatazwa kusikiliza. Katazo hilo mara nyingi huwekwa bila mtumiaji kujua. Bitcoin Core huacha kusikiliza yenyewe pindi inapoelekezwa kupitisha mawasiliano yake kwa seva ya kati kwa agizo la proxy, au inapoamriwa kwa agizo la connect kuunganishwa na nodi fulani tu, na mtu aliyenakili mipangilio ya mwingine bila kuielewa anaweza kuwa ameziba masikio ya nodi yake kwa mstari mmoja. Ataifungua kwa kuandika listen=1 katika faili la bitcoin.conf na kuiwasha upya. Wanaoendesha nodi ndani ya kontena la Docker wana ukuta mmoja zaidi, kwa kuwa poti iliyo wazi ndani ya kontena haionekani kwenye kompyuta mpaka itangazwe waziwazi.

Kipo pia kisa cha nodi ambayo haina kasoro yoyote ila ni changa. Wakati inapakua historia kwa mara ya kwanza, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa au wiki kwenye kompyuta ndogo na laini nyembamba, Bitcoin Core haiwatangazii wenzake anwani yake, na kwa hiyo hakuna atakayebisha hodi kwa mtu asiyejulikana anakoishi. Hata baada ya kumaliza, jina lake husambaa polepole, na saa kadhaa huweza kupita kabla ya mgeni wa kwanza. Wengi hubomoa mipangilio iliyo sahihi katika saa hizo.

Kituo cha pili ni kompyuta, au kwa usahihi zaidi faiawoli yake, ambayo ni programu ya ulinzi inayoamua pakiti zipi ziingie. Windows humuuliza mtumiaji programu inapowashwa mara ya kwanza, naye, akiwa amezoea kufunga kila kidirisha kinachomkatiza, hubonyeza kukataa na kusahau. Kwenye Ubuntu, pale ufw inapotumika, amri ya ufw allow 8333/tcp inatosha. Jaribio la kuthibitisha vituo hivi viwili kwa pamoja ni rahisi na, kwa bahati mbaya, halifanywi na wengi: kompyuta nyingine iliyo katika nyumba hiyohiyo iiendee nodi kwa anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.50, kwenye poti ya 8333. Ikipokewa, programu na kompyuta havina hatia, na ndipo zamu ya ruta inapofika kwa haki.

Makosa ya kwenye ruta ni madogo na yana ukaidi. La kwanza kwa wingi hutokana na anwani za ndani kutokuwa za kudumu, kwa kuwa ruta huzikodisha kwa muda tu. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote huomba anwani upya kwa pamoja, kompyuta iliyokuwa ya 50 ikaamka ikiwa ya 53, na agizo likaendelea kupeleka wageni kwa 50, ambayo sasa huenda ni televisheni. Nodi iliyopokea wageni kwa mwezi mzima kisha ikanyamaza ghafla baada ya umeme kukatika ina ugonjwa huu karibu kwa hakika, na dawa yake ni kuiagiza ruta itenge anwani moja kwa ajili ya kompyuta hiyo, ikiitambua kwa namba ya kifaa chake cha mtandao. Hapo tena kuna mtego, kwa sababu kifaa cha Wi-Fi na tundu la waya katika kompyuta moja vina namba tofauti, na aliyetenga kwa kimoja kisha akahamia kingine atarudi alikotoka.

Kosa jingine ni la itifaki, yaani taratibu za usafirishaji wa pakiti. Ruta nyingi humtaka mtumiaji achague kati ya TCP na UDP. Bitcoin hutumia TCP pekee, na aliyechagua UDP amefungua mlango ambao hakuna atakayeupitia, ilhali nodi ya Ethereum huhitaji zote mbili kwenye 30303. Tena kuna fomu zinazotaka poti ya nje na poti ya ndani kando kando. Kwa nodi moja zote ni 8333. Penye nodi mbili nyuma ya anwani moja, ya pili lazima ipewe poti nyingine ya nje, na kabla ya mwaka 2022 hilo lilikuwa na gharama, kwa kuwa Bitcoin Core ilizipendelea mno nodi za 8333 na kuzikwepa nyingine. Tangu toleo la 23.0 upendeleo huo umeondolewa.

Upimaji wenyewe, ambao ndio unaotoa hukumu katika yote haya, umejaa udanganyifu. Mtu aliyeketi nyumbani akijaribu kuifikia nodi yake kwa anwani yake mwenyewe ya hadharani anaituma pakiti itoke na kurudi kwa mlango uleule, na ruta nyingi hazijui kuishughulikia safari hiyo ya kujizunguka, kwa hiyo zitashindwa hata pale ambapo mgeni wa kweli angepita bila taabu. Kipimo cha haki hutoka nje: simu iliyozimwa Wi-Fi na kutumia data ya mtandao wa simu, au tovuti ya kupima poti. Na nodi lazima iwe inafanya kazi wakati wa kipimo, kwani poti haifunguliwi na ruta peke yake. Agizo la ruta hupeleka bahasha, lakini asipokuwepo mpokeaji kipimo kitasema poti imefungwa. Ni wengi waliozima nodi ili “wairekebishe vizuri”, wakapima, wakakata tamaa.

Zaidi ya hapo, namna ya kushindwa hutoa ushahidi ambao haufai kupuuzwa. Kipimo kikijibiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, hiyo ni habari njema kuliko inavyosikika, kwa sababu kukataliwa ni jibu, na jibu hutoka kwa mashine iliyofikiwa: pakiti imefika mahali, ama kwenye ruta ama kwenye kompyuta, ikaambiwa hakuna anayesikiliza poti hiyo. Kipimo kikisubiri sekunde nyingi kisha muda ukaisha, pakiti imemezwa njiani kimyakimya, na washukiwa ni faiawoli au mtoa huduma. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kuendesha tcpdump kwenye kompyuta ya nodi, programu inayoonyesha kila pakiti inayopita kwenye kifaa cha mtandao kabla faiawoli haijaigusa, kisha akapima kutoka nje huku akitazama. Pakiti zinazoelekea 8333 ya kompyuta hiyo zikionekana zikiingia, ruta na mtoa huduma wamemaliza kazi yao na kosa liko ndani. Zisipoonekana, hakuna haja ya kuigusa kompyuta tena. Jaribio hilo moja la dakika mbili huigawa njia nzima katika nusu mbili, na ni vigumu kueleza kwa nini miongozo mingi huliweka mwishoni au hulisahau kabisa.

Watengenezaji wa programu wamejaribu kumwondolea mtumiaji mzigo huu kwa kuifanya nodi iiombe ruta yenyewe. Kwa miaka mingi Bitcoin Core ilitumia utaratibu uitwao UPnP, lakini mwaka 2015 maktaba iliyoutekeleza iligunduliwa kuwa na mwanya wa kiusalama, utaratibu ukazimwa katika mipangilio ya kawaida, na katika toleo la 29.0 la mwaka 2025 ukaondolewa kabisa, nafasi yake ikachukuliwa na taratibu nyepesi zaidi za PCP na NAT-PMP. Kwa hiyo mwongozo wa zamani unaomwelekeza msomaji kuandika upnp=1 sasa unampotosha. Na kwa vyovyote, ombi la nodi haliwezi kumpa mtu anwani ya hadharani ambayo mtoa huduma hakumpa.

Hapo ndipo Tor inapoingia. Mtandao huu huvusha mawasiliano kupitia kompyuta kadhaa za kujitolea, zikiyafunika kwa tabaka za usimbaji, na huiwezesha nodi kupokea wageni kwa anwani maalumu inayoishia na .onion bila kufungua poti yoyote, kwa kuwa ni nodi yenyewe inayotoka nje na kukutana na mgeni katikati ya njia. Bitcoin Core huweza kujitengenezea anwani hiyo pale programu ya Tor inapokuwepo kwenye kompyuta na ikiruhusiwa kuiamrisha. Mwendo ni wa polepole zaidi, na wageni ni wale tu walio na Tor nao, lakini kwa nyumba inayotegemea laini ya simu hii ndiyo njia inayofanya kazi leo bila kumwomba mtu. Wengine hukodi VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano kwenye seva ya mbali, wakichagua ile inayotoa poti ya hadharani. Aliye Tanzania anayechagua njia hiyo azingatie kwamba Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN wanapaswa kuziwasilisha kwake taarifa za matumizi hayo.

Kuhusu usalama yapo mambo ambayo hayana mjadala. Poti ya 8333 ni sebule, na programu imeundwa ikijua kuwa wageni wengine si wema. Lakini poti ya 8332, namba moja tu pungufu, ni ya kupokea amri za mwenye nodi, pamoja na amri za kutumia fedha zilizomo katika pochi yake, na haifai kufunguliwa kwa intaneti kwa hali yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa 18081 ya Monero katika hali yake ya kawaida na 8545 ya Ethereum, na zipo roboti zinazozurura mchana na usiku zikizitafuta. Kwa sababu hiyohiyo ushauri unaosikika mara kwa mara wa kuiweka kompyuta katika eneo la DMZ, yaani kuiagiza ruta ipeleke kwake kila kitu bila kuchagua, ni ushauri mbaya: unaondoa kero ya poti moja kwa kuacha zote 65535 wazi. Nodi iliyo wazi huitangaza pia anwani ya nyumba kwa yeyote anayeorodhesha nodi za Bitcoin, na asiyetaka majirani wa mtandaoni wajue anaendesha nini ana sababu nyingine ya kupendelea Tor.

Linabaki suala la kifurushi. Nodi iliyofungwa hupakia kidogo, lakini nodi iliyo wazi kwenye laini ya kasi huweza kupakia gigabaiti 200 au zaidi kwa mwezi, na kwa mwenye kifurushi cha kipimo hilo ni pigo la siku chache. Agizo la maxuploadtarget huweka kikomo cha kila saa 24, na kikomo kinapokaribia nodi huacha kwanza kugawa bloku za zamani, ikiendelea kupitisha mpya. Waliopunguza daftari ili kuokoa diski wana kikomo kingine cha kimaumbile, kwani nodi iliyopunguzwa huahidi wageni bloku 288 za mwisho tu, sawa na takribani siku mbili.

Mambo yote yakiwa sawa, namba ya miunganisho hupita kumi na moja, ikafika kumi na tano, ikapanda na kushuka. Wageni wa mwanzo kwa kawaida si wahitaji. Ni programu za kuhesabu nodi, zinazopiga hodi, zikaandika toleo na kuondoka. Mgeni wa kweli hutambulika katika orodha inayotolewa na amri ya getpeerinfo: ni yule ambaye baiti alizotumiwa huongezeka kwa mamilioni kila dakika, wakati bloku anazoomba ni za mwaka 2011 au 2013, akizipokea moja baada ya nyingine usiku kucha kutoka kwenye kompyuta ndogo iliyo juu ya kabati la nyumba asiyoijua.